Tume ya Nusu Pigo

Hadithi hii ni ya kwetu, si ya kwenu. Mkiona inawakaa vizuri mabegani msinilaumu. Hata nguo ya mtumba humkaa mtu ambaye haikushonewa.

Kwetu ni nchi ya amani. Amani yetu ni nyingi mno, ndiyo maana inalindwa na askari elfu sabini, isije ikatoroka. Jina la nchi silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa tangu karani wake alipokwenda kunywa chai mwaka juzi. Tunaongozwa na Mheshimiwa Mlezi, ambaye ametulea miaka ishirini na sita bila kutuuliza kama tumeshakuwa watu wazima. Mungu amzidishie umri. Sisi hatuna uwezo wa kumzidishia wala kumpunguzia. Tuliwahi kupewa karatasi za kazi hiyo, tukaambiwa tumekosea kuzijaza.

Mimi ni mtu mdogo tu. Napenda muziki wa bendi, ule wa magitaa matatu na tumba, na kwa sababu hiyo nilijiunga na kundi la simu liitwalo Sikia Hii. Humo tulikuwa watu mia mbili na kumi na wanne. Mtu akipata wimbo mtamu anaurusha, wengine wanausikiliza, kisha tunabishana mpaka simu zinaishiwa chaji. Habari pia zilipita humo: mwimbaji gani kaugua, bendi gani imevunjika, nani kahama na gitaa la nani. Kati yetu sitini walikuwa wametumwa na serikali kutupeleleza. Tuliwajua kwa urahisi, kwani wao hawakuishiwa bando hata tarehe ishirini na nane. Haki yao niwape, walipeleleza mpaka wakanogewa. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kutofautisha gitaa la pili na la tatu, na hadi leo namshukuru.

Msimamizi wa kundi alikuwa Bi. Sikudhani Mbaruku, fundi cherehani anayeshona sare za shule nyuma ya soko kuu. Mama huyu ana sikio, jamani. Cherehani inanguruma, watoto wa watu wanapimwa viuno, redio inakoroma, naye katikati ya hayo yote anakwambia mpiga besi amegusa uzi usio wake. Yeye ndiye aliyetuwekea sheria moja tu ya kundi: anayependekeza wimbo ataje bendi, ataje dakika inayonoga, kisha ataje kasoro. Kasoro ni lazima. Sifa bila kasoro, alisema, ni tangazo la biashara. Mgeni akiingia na kusifu tu, wenyeji walimwuliza swali moja: "Unauza nini?" Mgeni anaona haya, anasikiliza tena, anarudi na kasoro yake mkononi.

Hatukumwonea mtu kwa sheria hiyo. Kuna mzee wetu mmoja alirusha wimbo ulioimbwa na marehemu mkewe siku ya harusi ya binti yao. Alituwekea sauti yake mwenyewe akiusimulia, akalia palepale tukimsikia, na alipomaliza kulia akasema kwamba kasoro ni fidla, ilikuwa na uzi uliolegea. Hakuna aliyecheka. Ndivyo tulivyoheshimiana.

Basi balaa likaja likiwa limevaa suti.

Mheshimiwa Mlezi alitoa wimbo. Uliitwa "Bila Mimi Mngekuwa Wapi", nao ulikuwa na dakika kumi na moja, kwa sababu swali lenyewe ni refu. Redio ya taifa iliupiga kabla ya habari, baada ya habari, na siku nyingine badala ya habari, na hapo hatukuona tofauti kubwa. Hospitalini uliwekwa kwenye wodi ambazo dawa zilikuwa hazijafika. Shuleni watoto waliuimba wakiwa wamesimama, jambo lililosaidia kuficha kwamba madawati hayapo.

Lakini mtandaoni, aibu iliyoje, hakuna aliyempendekezea mwenzake wimbo huo. Watu walikuwa wanarushiana nyimbo za marehemu, za walevi, hata za nchi jirani. Habari hizo zilimfikia Dakta Theofrasto Kidevu, Waziri wa Usikivu wa Umma. Dakta Kidevu ni msomi. Udaktari wake aliupata kwa posta, lakini ulifika bila mkunjo. Akatokea kwenye runinga akiwa amevaa vipokea sauti shingoni na kusema:

"Ndugu wananchi, sikio ni rasilimali ya taifa kama ulivyo mgodi. Haiwezekani mgodi wa taifa ukachimbwa ovyo na kila mwenye simu. Kila kundi la muziki lenye watu zaidi ya watatu litampendekezea mwananchi wimbo wa Mheshimiwa ndani ya siku saba, kwa hiari yake. Litakaloshindwa kuwa na hiari litachukuliwa hatua."

Utii ukanyesha kama mvua. Wapenzi wa kwaya waliandika kwamba wimbo umeponya goti la mwenyekiti wao. Wapenzi wa muziki wa vijana waliandika neno "moto" mara mia nne mfululizo bila kupumzika. Wapenzi wa tarumbeta walikiri kwamba kabla ya wimbo huu walikuwa viziwi, wakaomba radhi kwa miaka waliyoipoteza.

Siku ya saba ikatufikia sisi. Bi. Sikudhani alikuwa na sare mia moja za kumaliza, shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na akili yake yote ilikuwa kwenye vifungo. Aliuweka wimbo, akausikiliza mara mbili huku akishona, akafuta mikono kwenye khanga na kuandika. Nauweka hapa ujumbe wake wote, maana ndio uliotufikisha tulikofika:

"Sikia hii. Bendi ya Ikulu. Tumba inaanza peke yake, mapigo manane, ndipo mwimbaji anaingia. Dakika inayonoga ni hayo mapigo manane; anayepiga ni Maulidi Chongwe, Saa wetu, na mkono wake haujazeeka. Kasoro: mwimbaji anachelewa nusu pigo kila ubeti, tumba inamsubiri kwa adabu."

Akatuma. Akarudi kwenye vifungo.

Nawaapia, hakukusudia lolote. Ingekuwa uchochezi ningesema, maana tumefundishwa kusema. Miaka sita ya kundi letu mtu amezoea kwamba sifa inafuatwa na kasoro, kama vile anayepiga chafya anavyofuatishia "alhamdulillahi". Mkono uliandika wenyewe. Na sisi tulivyo wajinga, tukaanza kumjibu kwa kumsahihisha! Mmoja akasema ni robo pigo, si nusu. Mpelelezi wetu wa gitaa la pili akasikiliza mara tano na kuthibitisha kuwa ni nusu kamili. Mpaka alasiri tulikuwa bado tunabishana hivyo, na ujumbe ulikuwa umeshasambaa nchi nzima.

Serikali yetu haikurupuki. Ikaunda tume.

Tume ya Kuchunguza Nusu Pigo ilikuwa na wajumbe tisa, na ili isiegemee upande wowote walichaguliwa watu ambao hawajawahi kushika hata njuga. Walikwenda kukaa hoteli moja ya ziwani kwa siku arobaini, kwa sababu kule ni kimya. Waliusikiliza wimbo asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya samaki. Mwisho wake wakarudi wamenenepa na ripoti ya kurasa mia tatu. Ripoti ilikiri kwamba, ni kweli, kati ya sauti na tumba pana nafasi ya nusu pigo. Lakini, wakaandika kwa herufi nene, vitu viwili visipokwenda pamoja si lazima kimoja kiwe kimechelewa. Huenda kingine kimewahi.

Hapo ndipo ujue kwamba elimu ni bahari. Mheshimiwa Mlezi, ripoti iliendelea, hajawahi kuchelewa popote. Akifika kwenye mkutano saa nane wakati watu wamekaa tangu saa mbili, ni mkutano ndio uliowahi. Kwa hiyo aliyewahi ni mpiga tumba.

Maulidi Chongwe alikamatwa siku hiyohiyo akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Tulimwita Saa kwa sababu katika miaka thelathini ya kupiga tumba hakuna aliyewahi kumsikia akikimbia wala akiburuta. Akasomewa shtaka la kumtangulia Mheshimiwa bila kibali. Adhabu yake ni miaka saba.

Bi. Sikudhani aliposikia aliinuka kwenye cherehani na kuiacha sindano ndani ya kola. Akauliza njia mpaka akafika nyumbani kwa Saa. Alimkuta mkewe, Tunu, anazianika tumba juani, maana ngozi ikikaa ndani bila kupigwa hulegea. Haya aliyonisimulia Sikudhani mwenyewe nayasema kama alivyoyasema.

"Wewe ndiye uliyeandika?" Tunu alimwuliza bila kugeuka.

"Ndimi, dada. Lakini nilimsifu."

"Najua ulimsifu. Sifa zako zinalala naye kwenye saruji." Kisha akageuka. "Nyinyi na masikio yenu mnajuana huko kwenye simu, nusu pigo, robo pigo. Mimi nataka mume wangu arudi. Basi."

 Sikudhani aliinama akashika upande wa pili wa tumba, wakaigeuza pamoja ipate jua, kisha akaondoka moja kwa moja hadi wizarani.

Dakta Kidevu alimpokea kwa ukarimu, akamkalisha kwenye kiti kifupi kuliko chake. Sikudhani akaomba aufute ujumbe. Akaambiwa haiwezekani, ujumbe umeshakuwa kielelezo namba moja, umepigwa chapa na kutiwa kwenye fremu. Akaomba basi aandike kwamba hapana kasoro yoyote. Hilo nalo likashindikana, maana kama hapana kasoro, tume ilikwenda kula samaki wa nini? Waziri akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba yeye, Sikudhani Mbaruku, mwenye sikio linalotambuliwa na umma, anathibitisha kuwa tumba ilitangulia. Atie sahihi, arudi kwenye vifungo vyake, na Saa atatumikia miaka yake saba kwa moyo mweupe.

Sasa nisikilizeni. Mwanamke ana cherehani moja, ana watoto watatu, na mbele yake ana kalamu. Wangapi wetu tusingeishika? Mimi ningeishika, na ningeuliza kama kuna karatasi nyingine.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "sikio langu halina chama. Tumba haikuwahi. Aliyechelewa ni mwimbaji."

Katibu wa waziri alitoka nje mbio ili aweze kuapa kwamba hakuwepo. Sikudhani akafunguliwa kesi yake mwenyewe, ya kusikia kupita kiasi. Hakimu, ambaye alikuwa na usingizi na si mtu mbaya, alizijumlisha kesi mbili kuwa moja na kuamua hivi: hukumu itangoja Sherehe za Miaka Ishirini na Sita, kwa kuwa magereza yalikuwa yanapakwa rangi kwa ajili ya wageni. Siku ya sherehe Mheshimiwa ataimba wimbo wake hadharani, tumba ikiwepo. Papo hapo Sikudhani ataandika katika kundi la Sikia Hii sifa za atakachokisikia, bila kasoro hata ya ukubwa wa punje ya mtama. Akifanya hivyo mafaili yote mawili yatafungwa. Akitaja kasoro, yeye na Saa watakwenda pamoja miaka saba.

Jioni ile aliandika kwenye kundi maneno mawili: "Nitauza, ndugu."  Ungemlaumu? Sheria ni yake, na aliyelala kwenye saruji ni mtu ambaye yeye mwenyewe alimtaja kwa jina. Nilikasirika siku ile, sifichi. Nilimkasirikia waziri, nikaikasirikia tume na samaki wake, nikajikasirikia mwenyewe niliyebishana robo pigo kama mtoto.

Dakta Kidevu naye hakulala. Nusu pigo isingetokea tena, si katika utumishi wake. Akapeleka bungeni Sheria ya Ufuasi wa Vyombo, ikapita kwa dakika nne, dua ikiwemo. Sheria ilisema chombo chochote cha muziki hakitalia kabla ya sauti ya Mheshimiwa. Mikono ya wananchi haitapiga makofi kabla ya chombo. Na mtu yeyote, awe raia au kiongozi, atakayemhimiza mwingine kwa neno, ishara au kope kutangulia, ni miaka saba. Wabunge waliishangilia wakiwa wamesimama. Hakuna hata mmoja wao aliyejua wimbo unavyoanza. Waliujua unavyoisha tu, maana ndipo huruhusiwa kukaa.

Bendi ya Ikulu ilitafuta mpiga tumba mwingine, ikakosa. Wapiga tumba thelathini na mmoja waliugua viganja wiki moja, na daktari wa serikali alisema ni hewa. Ikabidi Saa atolewe mahabusu, anyolewe nusu iliyobaki, avalishwe shati jeupe, na apandishwe jukwaani na askari wawili, mmoja kila upande, wote wamebeba nakala ya sheria.

Uwanja ulifurika. Tulikuwa tumepelekwa kwa malori, kwa hiari. Redio ya taifa ilikuwa hewani nchi nzima na ilikatazwa kukatiza hata kwa matangazo. Bi. Sikudhani aliketishwa kiti cha mbele, simu mkononi, ofisa wa wizara ubavuni mwake akichungulia kioo. Tunu alikuwa safu ya nyuma yangu. Nilimsikia akihema.

Mheshimiwa Mlezi akapanda. Akashika kipaza sauti. Akafumba macho kama wanavyofanya waimbaji, akangoja mapigo manane ya tumba aingie.

Saa naye alikuwa ameketi, viganja vyote viwili juu ya magoti, anamtazama Mheshimiwa kwa heshima. Anangoja sauti ili aifuate.

Dakika ya kwanza tulidhani ni dua. Dakika ya pili Mheshimiwa alifumbua jicho moja. Akamtazama Saa, Saa akainamisha kichwa kwa adabu, viganja vikabaki palepale. Mheshimiwa hakujua kuingia bila mapigo yale. Tangu wimbo ule utungwe hakuna aliyemfundisha, maana nani angethubutu kumfundisha? Dakika ya nne jasho lilimfikia Dakta Kidevu kwenye kidevu. Alifungua mdomo amhimize Saa, akaikumbuka sheria yake, akaufumba. Akataka kukonyeza, akakumbuka kope. Askari wa kulia alisoma nakala yake, akampa wa kushoto, naye akasoma, akatikisa kichwa. Sisi makofi yetu yalikuwa yanangoja chombo, kwa hiyo tulikaa tumeinua mikono.

Nchi nzima ilikuwa inasikia hayo. Waliokuwa majumbani walituambia baadaye kwamba walisogea karibu na redio, wakaongeza sauti, hakikutoka kitu. Tangu wazaliwe redio ile haijawahi kunyamaza. Watu walisikia sufuria zao zikichemka. Walisikia watoto wao wanaongea nini. Kule mtaani kwetu kuna kibibi alisema aliusikia mwili wake ukipumzika, akaona haya.

Ratiba ilitoa dakika kumi na moja, na dakika kumi na moja zikapita zote. Mheshimiwa Mlezi akainama kidogo, akashuka. Dakta Kidevu, mtu wa akili, aliruka kwenye kipaza sauti na kutangaza kwamba taifa limeshuhudia onyesho lisilo na mfano, na kwamba atakayesema vinginevyo atakiona.

Wote tukamgeukia Sikudhani. Aliandika polepole, herufi kwa herufi, na simu zetu mia mbili na kumi na tatu zikalia mifukoni pamoja.

"Sikia hii. Bendi ya Ikulu, leo uwanjani. Dakika inayonoga: zote kumi na moja. Mwimbaji hakuchelewa hata nusu pigo. Tumba haikuwahi hata nusu pigo. Kasoro: hakuna."

Ofisa aliusoma ujumbe mara tatu. Akampelekea waziri, waziri akausoma akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa. Alitafuta kasoro iliyofichwa, hakuiona. Kusema kwamba pale hapakuimbwa kitu ni kutaja kasoro, na kutaja kasoro ni miaka saba, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwisha kutangaza kwamba onyesho halina mfano. Akagonga mhuri. Mafaili yakafungwa, na Saa alirudi kwake Jumanne akiwa na kikohozi.

 Kundini nilihisi wengi walikuwa na lile swali la "Unauza nini?" kwenye ncha ya vidole, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwuliza mama yule. Alhamisi asubuhi ikatokea namba mpya. Tunu alikuwa amemwekea mumewe bando. Saa hakuwahi kuandika katika kundi lolote maishani mwake, na aliandika hivi:

"Nilikuwepo. Nakubaliana na dada Sikudhani, ila kasoro ipo moja. Onyesho lilikuwa fupi."

 Sikudhani aliweka alama ya kukubali tu, nikasikia kwamba cherehani yake ililia mpaka magharibi. Kabla sijamaliza kuusoma ujumbe ule mara ya pili, watu wengine sitini walikuwa wameshaweka alama hiyohiyo chini yake. Ilikuwa tarehe ishirini na nane, na wasioishiwa bando tunawajua.